Nani kakuruhusu kunitania?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama utani wa mitandaoni umevuka mipaka. Mi nimelisoma hapa Mikindani, Mtwara, nikaona nijibu kwa kirefu, maana naona mmeliuliza kwa upande. Mpaka sio tatizo. Tatizo ni nani kakuruhusu kunitania.

Watu wa kusini tumetaniwa toka simu hazijaja. Mtumishi akikorofishana na bosi wake eti anahamishiwa Lindi, utadhani huku ni jela. Eti tunakula panya (ndio, sisi tunamwita samaki nchanga, kama hujaonja nyamaza). Eti kwetu mbali. Huo wa mbali angalau ulikua na ukweli wake, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 Rufiji ilikua inavukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakichanganya mnalala njiani na watoto na mizigo. Siku hizi kuna lami lakini utani ni uleule, umeongezewa stika tu.

Sasa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, mnakumbuka, mvua zikaila barabara kule Somanga, magari yakapanga foleni huku na huku na katikati maji. Mama mdogo wangu alikua kwenye basi anatoka Dar, tena kapakata boksi la vifaranga, yale maboksi yenye matundu, vifaranga vya siku moja kabisa, anataka kuanza mradi. Basi limekwama. Abiria wanashuka wanapanda, wauza samaki wa Somanga wanapitisha beseni madirishani kama kawaida yao, na ndani ya basi ni chiu chiu chiu usiku kucha. Katuma voisi kwenye grupu la ukoo, unasikia vifaranga kwanza ndo unamsikia yeye, anasema kondakta kampa kifuniko cha chupa anavinyweshea maji ya glukosi kimoja kimoja na kitenge kavifunikia kwa ajili ya baridi, yeye mwenyewe hata chai hajanywa. Mtu wa Newala akajibu usiwe na wasiwasi mama, mpaka mfike Mtwara hao watakua wanataga.

Tulicheka sana. Shemeji yetu wa Tabata nae akaandika, kusini sasa ni kisiwa rasmi, mkija Dar njooni na pasipoti. Tukacheka pia, si shemeji bana, huyo ana haki zake. Binamu yangu wa Chuno akamjibu barabara imekatika ila bomba la gesi la kuja kwenu mbona halikatiki? Hapo grupu lilikua tamu kuliko redio.

Alafu ikaingia namba ambayo hatuna jina lake. Jamaa mmoja hivi aliadiwa wakati wa vikao vya harusi, harusi ikapita yeye akabaki kimyaaa. Kaleta picha ya jahazi, juu kaandika: BASI LA MTWARA, KUONDOKA SAA 12 ALFAJIRI, KUFIKA MUNGU AKIPENDA, KUKU NUSU NAULI.

Yani hapo kila mtu alinuna. We nani? Nani kakuadi? Kaka mkubwa akaandika kama barua ya serikali, ndugu wanajamvi tujue kuna wenzetu wako kwenye matatizo. Mwingine akakumbushia sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, sijui alitaka polisi waje kukamata jahazi. Na mimi nikatupia langu refu tu, kwamba mtani wa kwetu anaweza kuja msibani akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe hela, na hakuna anaekasirika, kwa sababu huyohuyo ndo kachota maji, kapasua kuni, na jioni yupo. Huyu wa jahazi katuchotea maji gani? Admini akaona isiwe tabu, akalifunga grupu wakawa wanaandika maadmini peke yao.

Nilitaka jibu langu kwenu liishie hapo, mtani ni wa kuonekana msibani, basi. Ila naandika huku nakumbuka mama mdogo alivyofika. Kashuka na boksi lake, vingi vizima vichache vimekufa, hajakaa vizuri anauliza, ile ya jahazi ipo wapi, simu ilizima sijaimaliza kuisoma. Akaoneshwa. Alicheka mpaka kanga ikataka kudondoka, hiyo ya kuku nusu nauli kairudia mara sijui ngapi, na jioni kaiweka stetasi. Tukamuuliza na ya shemeji je? Akasema aah, hiyo ya pasipoti naisikia toka enzi za pantoni.

Sasa mwenye tatizo kacheka, sisi tuliokaa vibarazani kwetu tunakunywa chai ndo tulikua tumekasirika, tena kwa niaba yake na hakututuma.

Na haikupita muda, tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima, Dar nao wakawa kisiwa. Tulikua na majibu matamu hayo acha tu, ila picha zinazunguka weee haziendi, zilivyokuja kwenda utani umeshapoa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba haujavuka mipaka. Ila msinishikilie sana hapo, maana utani wa msiba ukiletwa na mtu nisiemjua narudi kulekule kwenye nani kakuruhusu, na wa samaki nchanga nauruhusu kwa waliowahi kula tu, na mkiniuliza tena msimu wa mnada bei ya korosho ikiwa chini naweza nisijibu kistaarabu hivi. Yule wa jahazi bado tunae kwenye grupu. Kutolewa hawezi, ahadi yake ya mchango wa harusi hajamalizia.