Umeme wa mvuke na bei ya petroli Kenya
Ndugu, umeuliza kwa nini bei ya petroli bado inaitikisa siasa ya Kenya ilhali umeme wetu mwingi unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana. Umeme huo hauingii kwenye tangi la matatu wala la lori linaloleta mahindi Nairobi kutoka Kitale. Humo huingia petroli au dizeli iliyonunuliwa kwa dola, ambayo bei yake EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi. Wanasiasa hupenda kulilaumu soko la dunia, lakini Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyopandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ushuru wa matengenezo ya barabara ukaongezwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.