Kabla hujakata tiketi ya kwenda kwenye mashindano ya bodibodi, piga hesabu ya zawadi

Bango la mashindano ya bodibodi, mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi ukiwa umelalia ubao mfupi, huwa na namba moja kubwa: jumla ya zawadi. Hilo ni fungu zima, si la bingwa. Mara nyingi limeshajumlisha wanaume, wanawake, vijana na dropunii, ule mtindo wa kupiga goti moja juu ya ubao. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza bingwa anapata ngapi. Uliza malipo yanaanzia raundi ipi, na kutoka raundi utakayoanzia wewe zimebaki hiti ngapi, yaani michuano ya kundi dogo majini, kufika hapo.

Chukua mfano wa hesabu tu. Wachezaji 48 wasio na nafasi kwenye msimamo wa dunia wanagawanywa hiti 12 za watu wanne, na wawili wa kwanza wanapita. Wanabaki 24. Sasa wanaingia vigogo 8, jumla 32, hiti nane nyingine, wanabaki 16. Kama pesa inaanzia kwa hao 16, kigogo ameipata kwa kupita hiti moja; wewe lazima upite mbili, na ya pili ukiwa majini na watu wa kiwango chake. Ukitoka mapema unapata pointi tu, na pointi hazilipi hoteli.

Kanuni zisome za mwaka huu huu. Ziara ya dunia ya mchezo huu, ulioanza Tom Morey alipochonga ubao wa kwanza wa bodibodi Hawaii mwaka 1971, imebadilisha waendeshaji mara nyingi: shirika la GOB miaka ya 1990, baadaye IBA, APB kuanzia 2014, kisha IBC. Kila mara sheria za kuingia na hesabu ya pointi zinaweza kupangwa upya, na PDF ya zamani inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp itakupoteza.

Kwenye ziara hiyo ya wachezaji wa kulipwa, mchezaji huingia kwa jina lake, kwa kujisajili na kulipa ada. Mashindano ya ISA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa mawimbi, ni habari nyingine. Yale ya dunia, mfano ya Iquique, Chile, mwaka 2014, ni ya timu za taifa: shirikisho la nchi yako ndilo linalokupeleka, na unachogombea ni medali. Usitume maombi yako binafsi huko ukasubiri jibu.

Kwa vijana, tatizo halimo kwenye umri bali kwenye tarehe. "Chini ya miaka 18" inaweza kuhesabiwa siku ya mashindano, Januari 1 au Desemba 31, na mtoto wa Novemba anaweza kuwa ndani kwa hesabu moja na nje kwa nyingine. Dropunii nayo kwa kawaida ina usajili na ada yake. Ukiwa kwenye hiti ya dropunii halafu ukalalia tumbo, sehemu hiyo ya wimbi majaji hawaihesabu, hata kama umeruka juu kuliko wote.

Majini, yanayohesabiwa ni mawimbi yako mawili bora, kila moja kati ya 10. Wakiwa majaji watano, alama ya juu na ya chini zinatupwa, zinazobaki tatu zinatafutiwa wastani. Wageni wengi huangushwa na kosa la kumwingilia mwenzao kwenye wimbi lake: alama ya wimbi lako la pili kwa ubora hukatwa nusu, na kama yeye ndiye aliyekuwa na kipaumbele, yaani haki ya kuchagua wimbi kwanza, inaweza kufutwa kabisa. Mwenye 7.00 na 6.00 alikuwa na 13. Ghafla ana 10, au 7. El Frontón, kule Gáldar, kisiwa cha Gran Canaria, Hispania, wimbi linavunjikia karibu mno na mwamba na sehemu ya kuchukulia ni finyu. Kugongana njia ni rahisi, basi angalia mbao zinazoonyesha mwenye kipaumbele kabla hujapiga mapezi.

Unaweza kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni, kwa hiyo dawa za mafua zisome kwanza, hasa zenye pseudoefedrini. Mwenye pumu anayetumia salbutamoli ya kuvuta asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8.

Sasa umeshinda. Hispania hukata kodi ya zuio kwa asiye mkazi: kwa kawaida asilimia 24 kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, na 19 kama ni mkazi wa nchi za umoja huo. Marekani kiwango cha kawaida ni 30. Usitegemee sana mkataba wa kodi, kwa sababu mingi huiruhusu nchi ulikochezea imtoze mwanamichezo. Dai cheti cha makato hapo hapo ufukweni. Kukipata baada ya miezi mitatu kwa barua pepe ni kazi.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aweke viza ya Schengen kwenye hesabu hiyo hiyo: ada ya yuro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua yuro 30,000, na barua ya mwaliko ya waandaaji. Siku unazoomba ziguse kipindi chote cha kusubiri mawimbi, si tarehe ya fainali peke yake. Bahari ikilala wiki nzima, viza fupi itakutoa kabla hujaingia majini.

Fomu ya malipo ya Ulaya itakudai IBAN, namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa. Benki za Kenya na Tanzania hazina. Andika namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT na anwani ya tawi, na uwaambie waandaaji mapema, maana fomu ya mtandaoni inaweza kukataa kwenda mbele. Uliza pia gharama za kutuma anabeba nani. Mkigawana, benki za kati zitamega chao njiani. Na jina la akaunti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. "Juma H. Ali" na "Juma Hamisi Ali" kwa karani wa benki ni watu wawili, na pesa inarudi ilikotoka ikiwa imeshakatwa ada.