Mwanangu, akika fanyeni, tohara isubiri

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mume wangu mdogo ananyonya vizuri? Umeniandikia kuwa daktari huko Tabora amekuta tundu la mkojo liko chini ya kichwa cha uume badala ya nchani, akakwambia huenda ni jeni za vipokezi vya homoni, na kwamba mojawapo mvulana huipata kwa mama. Ukamalizia: "Kwa hiyo ni mimi?"

Hilo la kuipata kwa mama ni kweli. Jeni ya kipokezi cha androjeni, yaani homoni za kiume kama testosteroni, iko kwenye kromosomu X, na mvulana ana X moja tu, ya mama yake. Lakini wifi yako asishangilie bado. Kuanzia wiki ya 8 hivi ya mimba, korodani za kijusi hutoa testosteroni, kisha kimeng'enya fulani huigeuza kuwa DHT, homoni kali zaidi, ambayo ndiyo hasa huunda uume na kufunga mfereji wa mkojo. Homoni inapiga hodi, kipokezi ndiye mwenyeji wa kuitikia. Na wenyeji hawalingani. Ndani ya jeni ile ya kipokezi kuna herufi tatu za DNA, CAG, zinazojirudia mara ishirini na kitu kwa wanaume wengi. Zikizidi, kipokezi huitikia kwa uvivu kidogo. Hiyo ni tofauti ya kuzaliwa, watu wazima wenye afya zao wanayo. Kile kimeng'enya nacho kina jeni yake, SRD5A2, kwenye kromosomu ya 2, na hiyo mtoto huirithi kwa baba na kwa mama. Mwambie wifi hivyo, kwa adabu.

Watoto wengi wa namna hii hupimwa na isionekane jeni yoyote ya kulaumiwa. Wala si chakula ulichokula, wala jicho la mtu.

Umesema korodani zote mbili zimeshuka. Alhamdulillahi, maana ingekosekana hata moja wangetaka vipimo zaidi.

Sasa sikiliza mama yako aliyezalisha wanawake mpaka akastaafu: asitahiriwe. Ngozi ya govi ndiyo daktari wa upasuaji huitumia kutengeneza mfereji, na ikishakatwa kazi inakuwa ngumu. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hufanywa kati ya miezi 6 na 18. Ombeni rufaa mapema, hata ikiwa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, nauli tutachanga.

Akika mchinje kama mlivyopanga. Mkweo akiuliza mbona kijana hajatahiriwa, mpe simu niongee naye.

Mama