Re: Bushi za nailoni kubana shafti kwenye mashine ya kufungasha chumvi

Mkuu, umesema bushi (vile vipande vya bomba vinavyoishika shafti) zinabana kila mkiosha mashine, na fundi anataka muweke za chuma cha pua. Mzuie kwanza. Nailoni hunywa maji na kuvimba, ndiyo maana tundu linapungua. Tatizo si ulaini. Chongesha za asetali, plastiki nyingine ngumu (madukani wengi huiita Delrin), hainywi maji kiasi hicho. Chuma cha pua kikisuguana na chuma cha pua bila kilainishi kizuri hung'ang'aniana na kuchubuana, mwisho unanunua bushi na shafti pia.

Kwa kuwa ni chumvi, sehemu zinazoigusa ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, si 304. Ile 316 ina molibdeni, kama asilimia 2 hadi 3, inayopunguza kutu ya vishimo.

Kisu ndicho kinachotaka ugumu: D2 (chuma cha kutengenezea zana) iliyokomazwa kwa moto hadi karibu 60 HRC, yaani kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Nayo hupata kutu, kwa hiyo kifutwe kila zamu.

Halafu hiyo spidi mnayotaka kuiongeza maradufu: nguvu inayopiga mkono wa kwenda na kurudi itakuwa mara nne. Mkono huo uwe mwepesi kwanza. Shafti yako ni milimita ngapi?