Wasomaji Wanauliza: Saratani ya Mama Itarudi? Mkono wa Baba Utaamka?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 58, aliondolewa titi la kushoto huko Mwanza miaka miwili iliyopita, akapewa dawa za dripu za kuua saratani (kemotherapia) na mionzi, na sasa tunaye hapa Urambo akimeza tamoksifeni kila siku. Hana maumivu yoyote, na kwa sababu hiyo ameanza kuuliza vidonge ni vya nini ilhali amepona. Kaka yangu amesikia kwamba nchi za nje kuna kipimo kinachotabiri kama saratani itarudi, naye anataka tuuze ng'ombe wanne ili kilipiwe. Je, tuuze?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Ndugu yangu, kwa hali uliyoieleza, msiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo hicho.

Kinachozungumzwa sana huitwa Oncotype DX. Hupima utendaji wa jeni 21 katika kinyama cha uvimbe uliokatwa, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 100, na kadiri alama inavyopanda ndivyo uwezekano wa saratani kurudi unavyoongezeka. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2018, ulioandikisha wanawake zaidi ya 10,000 ambao saratani yao ilikuwa inategemea homoni ili ikue, kama ile inayotibiwa kwa tamoksifeni, na haikuwa imefika kwenye tezi za kwapa, ulionyesha kwamba wengi wa wenye alama za kati, yaani 11 hadi 25, hawakupata faida ya ziada kwa kuongezewa dripu juu ya vidonge vya kuzuia homoni, ingawa baadhi ya wenye miaka 50 au pungufu walinufaika. Kazi kubwa ya kipimo hicho, basi, ni kumsaidia daktari kuamua nani aepushwe na dripu. Mama amekwisha kupewa dripu, na uamuzi huo umeshapita.

Vipo pia vipimo vya damu vinavyotafuta vipande vya vinasaba vilivyotoka kwenye chembe za saratani zilizosalia mwilini. Huko Australia, utafiti wa mwaka 2022 kwa wagonjwa 455 ulionyesha kwamba kipimo cha namna hiyo kilipunguza waliopewa dripu baada ya upasuaji kutoka asilimia 28 hadi 15, bila saratani kurudi kwa wingi zaidi. Lakini hiyo ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Kwa saratani ya titi, miongozo haishauri kumpima damu mara kwa mara mama asiye na dalili.

Ninachowasihi ni mtafute karatasi ya maabara iliyoandikwa baada ya upasuaji, maana sehemu kubwa ya utabiri mnaotaka kuununua imo humo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha taarifa za wanawake 62,923 wenye saratani inayotegemea homoni, waliomeza dawa za kuzuia homoni kwa miaka mitano bila ugonjwa kurudi. Kwa wale ambao uvimbe wao haukuzidi sentimita 2, uwezekano wa saratani kujitokeza katika kiungo kingine kati ya mwaka wa 5 na wa 20 ulikuwa asilimia 13 kama hakuna tezi ya kwapa iliyoathirika, asilimia 20 kama ziliathirika tezi moja hadi tatu, na asilimia 34 kama zilikuwa nne hadi tisa. Ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi hiyo. Hata hivyo, asilimia ni za kundi zima, na hazimwambii mama kama yeye yumo kati ya watakaorudiwa au watakaosalimika.

Sasa vidonge. Mwambie mama kwamba tamoksifeni haipo kwa ajili ya maumivu, bali huziba mahali ambapo homoni ya estrojeni hujishikiza ili kuichochea saratani. Kuimeza kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi inayotegemea homoni kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Sijui kipimo chochote cha utabiri kinachomfanyia mgonjwa kazi kubwa kama hiyo. Asiiache bila kuzungumza na daktari, na akitokwa na damu ukeni, akivimba mguu mmoja au akibanwa na pumzi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ikibidi ng'ombe auzwe, auzwe mmoja kwa nauli za kliniki na picha ya titi lililobaki kila mwaka.

SWALI: Baba yetu, mvuvi, alipata kiharusi miezi mitano iliyopita. Anatembea kwa fimbo, lakini mkono wa kulia umelala, ingawa kifundo na vidole hukunjuka kidogo. Tunasikia kuna mitambo ya kuamsha viungo. Je, tumechelewa?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Hamjachelewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulichukua wagonjwa 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla, wenye uwezo mdogo kama wa baba. Mkono usiougua ulivalishwa glovu nene kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi. Waliofanya hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima. Edward Taub, aliyebuni njia hiyo, alieleza kwamba mgonjwa anaposhindwa mara nyingi siku za mwanzo hujifunza kutoutumia mkono, na mazoea hayo hubaki hata pale ubongo unapoanza kuuamsha.

Mitambo ipo. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kifaa kinachopandikizwa kifuani na kuchochea mshipa wa fahamu shingoni, lakini hata hicho hufanya kazi mgonjwa anaporudia mazoezi mamia ya mara.

Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Maweni ampime na kumpangia kiasi. Nyumbani, baba aliyezoea nyavu atavumilia zaidi kazi anazozijua: kuchambua maharage, kuhamisha dagaa wakavu kutoka sinia hadi bakuli, kufungua na kufunga kifuniko cha dumu la mawese. Glovu ivuliwe kila anaposimama, kwa kuwa mkono unaovaa glovu ndio unaoshika fimbo, na asiivae karibu na moto au ufukweni. Mnapomwinua, msimvute kwa mkono uliolala, kwa sababu bega lake ni legevu na linaweza kuteguka. Dawa za shinikizo la damu, kama ameandikiwa, azimeze kila siku, hata siku anazojisikia vizuri.