Ami anakatwa pafu, twaogopa usaha

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Ami yangu ana miaka 64, kabeba mizigo bandarini Kilindini tangu ujana, sigara kavuta mno na sukari anayo. TB ya zamani ilimharibu pafu la kulia, sasa anatema damu na ameambiwa kipande kitakatwa. Jirani yetu alifanyiwa oparesheni kama hiyo, alivorudi nyumbani kifua kikajaa usaha. Infekshen haswa yaletwa na nini? Na ni kweli akishapasuliwa asikohoe, nyuzi zitafumuka? – Binti wa Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na hilo la kukohoa maana wengi huharibikiwa hapo. Akohoe! Asipokohoa makohozi yanakaa chini, sehemu za pafu zinajifunga hazipati hewa, bakteria nao wanazaana humo, siku chache tu mwaambiwa nimonia. Mpeni mto aubane kwenye kidonda halafu akohoe sawasawa. Na dawa ya maumivu asiikatae, wazee wetu hawa kwa kujikaza siwawezi, ati mwanamume halii, wakati mtu anayeumwa havuti pumzi ndefu wala hatembei. Wakimwambia kesho yake ashuke kitandani akae kwenye kiti, ashuke.

Sasa chanzo. Mengi mgonjwa anaingia nayo hospitali mwenyewe. Sigara imelegeza vile vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vinavosukuma makohozi juu, kwa hivo aache leo, akipata wiki 4 au zaidi kabla ya kisu ndo bora, na shisha pia (Kenya ilipigwa marufuku 2017 lakini sote twajua yavutwa wapi). Sukari ikipanda kidonda hakifungi vizuri na kinga inazembea, siku zile za oparesheni madaktari hutaka isipite 10 kwenye mashine, kwa hivo aanze kuishusha sasa, asingoje kulazwa. Halafu uzani. Waliougua TB wengi wamekonda, na mwili usio na akiba hauna cha kupigania, basi apate samaki, mayai, maharagwe, si chai kavu na mkate. Kama atumia dawa za steroidi (zile za kutuliza uvimbe, ambazo hupunguza kinga) awaambie mapema.

Chumba cha oparesheni nacho kina yake. Kukata pafu zima ni hatari kuliko kipande, kufungua kifua kuliko kuingia na kamera, na muda ukirefuka hatari yaongezeka. Pafu lililopigwa na TB mara nyingi limegandana na ukuta wa kifua, kulibandua kwachukua muda na damu yamwagika, tena ndani huweza kuwa na fangasi au TB yenyewe ikawa bado i hai, ndo maana watapima makohozi kwanza na msiwaone wanachelewesha. Antibayotiki hutiwa ndani ya saa moja kabla ya kukata, kuulizia si utovu wa adabu.

Ya jirani yenu sikuyaona, lakini usaha kifuani mara nyingi huja hivi: pafu linavuja hewa, kwenye chupa ya bomba la kifuani (lile huwekwa baada ya kupasuliwa litoe hewa na maji) mwaona mapovu hayaishi, ikipita siku 5 bomba linakawia kutolewa, na pafu lisipotanuka kujaza nafasi, maji yanatuama pale na bakteria wanaingia. Chupa isiinuliwe juu ya kifua chake, hata wakati wa kumpeleka msalani.

Akirudi nyumbani udi na ubani viwekeni kando kwa sasa, najua ndo heshima ya mgeni, lakini moshi ni moshi. Na wageni, mtaa mzima utataka kumuona, mwenye mafua asalimie kwa simu.

Homa ya 38 na kuendelea, makohozi ya kijani au yanayonuka, pumzi kukata, kidonda kutoa maji au kuwa chekundu, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo hata ikiwa usiku, na akikohoa ghafla majimaji mengi ya rangi ya damu mlazeni kwa ule ubavu uliopasuliwa mkiwa njiani.