Samba ya watu wote: anza na surdo, miguu ngoja kwanza

Kila msimu wa Notting Hill Carnival, kanivali ya mitaani ya London, ukikaribia, wachezaji chipukizi huniuliza jinsi ya kuanzisha kundi la samba (ngoma ya Kibrazili) la watu wote, wenye ulemavu na wasio nao. Wengi huanza na habari za manyoya na mavazi. Mimi huwauliza: mlango wa ukumbi wako una upana gani?

Swali hilo nilifundishwa na aibu. Darasa letu la kwanza hapa London, mwenye ukumbi aliniapia kwenye simu kwamba kiti cha magurudumu kinaingia bila taabu. Kweli kiliingia: kwa mlango wa nyuma, kupitia kwenye mapipa ya taka. Choo kilikuwa orofa ya juu. Dada aliyekuja na kiti alicheza dakika 20 akaaga, na hakurudi tena. Siku hizi naenda mwenyewe na futi kamba, napima mlango wa mbele na wa choo, ndipo nalipa.

Hilo la ukumbi ni jepesi. Kazi iko kwenye kufundisha.

Hatua ya msingi ya samba huitwa samba no pé, yaani samba ya mguuni, na jina hilo limewapotosha walimu wengi. Wanaanza na nyayo, kisha asiyeweza kusimama anaambiwa, "Wewe punga mikono tu." Usimfanyie mtu hivyo. Anza na surdo, ile ngoma kubwa inayobeba wenzake. Samba huhesabiwa kwa mapigo mawili mawili, na uzito umekaa kwenye pigo la pili. Surdo ya kwanza hupiga hapo, surdo ya pili huitikia kwenye pigo la kwanza, na ya tatu hupita katikati yao ikikata kata. Wiki 3 za mwanzo sifundishi hatua hata moja. Tunaketi sote, mimi pia, na kila mtu anatafuta lile pigo la pili mwilini mwake. Mmoja analipata begani, mwingine kidevuni, mwingine anasukuma gurudumu na kulizuia ghafla, na kiti kizima kinatikisika sawasawa na ngoma. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kwenye chakacha za harusi nimewaona bibi zetu wasioweza tena kusimama wakijifunga kibwebwe na kucheza wameketi mkekani. Hakuna aliyethubutu kusema hawachezi.

Kwa viziwi, tafuta sakafu ya mbao. Saruji humeza mtetemo. Puto lililojazwa hewa, likishikwa kifuani, nalo huileta surdo mpaka mbavuni. Usisahau pia kwamba kiongozi wa bateria, kikosi cha wapigaji, huongoza kwa ishara za mikono. Wachezaji wangu viziwi huwahi kuona ngoma inakatika wapi, sisi wenye masikio tukiwa bado tunasikiliza. Mkalimani wa lugha ya alama hata hivyo mlipe. Usimgeuze dada wa mtu kuwa mkalimani wa bure. Kwa wenye usonji, weka vizuia sauti vya masikioni na chumba cha kupumzikia, na uwaambie mapema tamborimu, ngoma ndogo za sauti kali, zinaingia lini, maana zile ndizo zinazochoma.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kupanga safu. Shule za samba, yaani makundi makubwa ya kanivali, hupita kwa vikosi, kila kikosi na vazi lake, nami mwaka wa kwanza nikawaweka wenye viti wote kwenye kikosi kimoja nyuma, nikidhani nawakinga wasigongwe. Mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, umetujengea maegesho." Rio, kule Brazil, ipo shule iliyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, Embaixadores da Alegria, na imepita Sambódromo, njia ya gwaride la kanivali kule; hiyo ni njia yao na naiheshimu. Sisi tulikuwa tumewatangazia watu kwamba tunachanganyika, kisha tukawatenga. Sasa wako kila safu, na wanaosimama ndio wanaofundishwa kutazama chini na kuacha nafasi ya mikono miwili iliyonyooshwa.

Barabarani, hesabu saa. Njia ya Sambódromo ina takriban mita 700 za lami tambarare. Mitaa ya hapa ni mirefu, msafara husimama kila mara, na betri ya kiti huisha. Panga wasukumaji wa kupokezana, na ujue choo kiko wapi kabla hujajua wimbo.

Na manyoya, kwa kuwa najua bado mnayawaza: yafunge kwenye fremu ya kiti, si mabegani mwa mchezaji, na yaanzie juu ya gurudumu. Tuliwahi kukwama katikati ya njia tukichomoa manyoya ya buluu kwenye spoki kwa vidole, lori la muziki likizidi kutuacha. Koleo sasa halitoki mkobani mwangu.